‘Inadaiwa’ si ngao

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza swali huko Masara, magharibi mwa mji wa Migori, nami sikuweza kumjibu papo hapo. “Daktari,” alisema, “si niliandika inadaiwa?”

Nilikuwa nimealikwa shuleni kwao kuzungumza juu ya fasihi simulizi. Baada ya kipindi, mwalimu wa Kiswahili, ambaye miaka mingi iliyopita alipita mikononi mwangu chuoni, aliniomba niketi kidogo na wanachama wa chama cha uandishi. Nilipoketi nao ndipo nilipofahamu kwamba chama chenyewe kilikuwa kimefungwa. Majuma matatu kabla ya siku hiyo, msichana huyo alikuwa ameandika habari fupi katika gazeti la ukutani ambalo wanafunzi hulibandika kila mwezi karibu na maktaba. Sentensi iliyozua balaa ilikuwa hii: “Inadaiwa kwamba kiwanda kimoja maarufu hapa kwetu kinawaibia akina mama wanaokiuzia mchanga, na yasemekana wakubwa wanajua.”

Kwa faida ya msomaji asiyelijua eneo hilo, yafaa nieleze mchanga huo ni nini. Masara ni nchi ya dhahabu. Vijana huteremka mashimoni na kupasua mwamba. Mawe husagwa kwa mashine hadi yakawa unga. Unga huoshwa kwa maji, na zebaki hutiwa ili ishike chembe za dhahabu. Lakini zebaki haishiki zote. Mchanga unaobaki baada ya kuoshwa bado una dhahabu ndani yake, na wako wenye mitambo ya sianidi wanaoununua ili wakamue iliyosalia. Wauzaji, aghalabu akina mama, hulipwa kwa uzani wa mchanga. Kwa hiyo riziki ya mama wa Masara huning’inia kwenye mizani, na mizani ni ya mnunuzi.

Gazeti lile la ukutani lilidumu siku mbili. Mtu alilipiga picha kwa simu. Siku chache baadaye barua ya wakili ilimfikia mwalimu mkuu, ikitaka habari iondolewe, radhi iombwe kwa maandishi katika muda wa siku 7, la sivyo kesi ya kuharibiwa jina itafunguliwa dhidi ya shule. Mwalimu mkuu aling’oa karatasi, akakivunja chama. Simlaumu. Ana wanafunzi mia kadhaa wa kulisha na hana fungu la bajeti lenye jina la mawakili.

Sasa nirudi kwenye swali la msichana yule. Alikuwa amefundishwa, kama sisi sote tulivyofundishwa na kurasa za magazeti yetu, kwamba neno ‘inadaiwa’ ni ngao. Ukilitanguliza, chochote unachokisema baada yake si chako tena. Ni cha watu, ni cha upepo. Mimi mwenyewe nimewahi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba vitenzi vya namna hii, inadaiwa, inasemekana, yaaminika, ni njia ya msemaji kujitenga na ukweli wa kauli anayoitoa. Kisarufi hilo ni sahihi. Kisheria ni hatari tupu, na jambo hili walimu tunapaswa kulijua kabla ya kuwapa watoto kalamu.

Sheria ya kashfa tuliyoirithi kutoka Uingereza, ambayo nchini Kenya imeandikwa katika Sura ya 36 ya Sheria za Kenya tangu 1970, haimwulizi mwandishi alijitenga kiasi gani na maneno yake. Inamwuliza msomaji wa kawaida alielewa nini. Tena iko kanuni kongwe kwamba anayekariri kashfa ya mwenzake huhesabiwa kuwa ameitoa yeye. Ukiandika kwamba watu wanasema fulani ni mwizi, hutaokolewa kwa kuthibitisha kwamba watu kweli wanasema hivyo. Utatakiwa uthibitishe kwamba fulani ni mwizi. ‘Inadaiwa’ haimwondoi mwandishi kizimbani. Inamwacha pale pale, na zaidi ya hayo inamwonyesha kuwa mtu aliyeandika neno zito bila kuwa na ushahidi wake mwenyewe.

Ama kuhusu ‘kiwanda kimoja maarufu’, hiyo nayo ni desturi ya vyumba vyetu vya habari. Tumezoea kusoma juu ya ‘mfanyabiashara tajika’ na ‘kampuni moja jijini’, na tunadhani jina likifichwa kesi imefichwa pamoja nalo. Katika jiji la mamilioni ya watu huenda hila hiyo ikafaa mara moja moja. Masara, ambako kila mtu anajua mchanga wa nani unakwenda kwa nani, kusema ‘kiwanda kimoja’ ni sawa na kukionyesha kwa kidole. Sheria haidai jina litajwe. Inatosha wanaomfahamu mlalamikaji wamtambue.

Kisha kuna kitenzi chenyewe, kuiba. Kifungu cha 16A cha Sheria ya Kashfa kinaweka kiwango cha chini cha fidia pale ambapo maneno yaliyochapishwa yanamsingizia mtu kosa la jinai zito: si chini ya shilingi milioni 1 ikiwa kosa hilo huadhibiwa kwa kifo, na si chini ya shilingi 400,000 ikiwa adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3. Wizi wa kawaida, chini ya kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu, hubeba kifungo cha miaka 3. Kwa maneno mengine, kitenzi kimoja chenye silabi tatu, kilichoandikwa na binti wa miaka kumi na sita kwa kalamu ya rangi, chaweza kumtolea wakili hesabu ya laki nne kabla hajaanza hata kueleza jinsi mteja wake alivyoumia.

Nilipomaliza kumweleza hayo msichana aliinama. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa daftari, na hapo ndipo nami nilipopata somo langu.

Katika daftari lile alikuwa ameandika uzani wa magunia 11 ya mchanga. Kila gunia lilipimwa kwanza kwa mizani ambayo mwalimu wa sayansi alimwazima, kisha akaandika uzani ule ule kama ulivyoonyeshwa kwenye stakabadhi aliyopewa shangazi yake langoni mwa kiwanda. Tarehe zilikuwapo. Stakabadhi zilikuwa zimebanwa ndani kwa pini. Katika magunia 9 kati ya 11, takwimu ya stakabadhi ilikuwa ndogo kuliko ya mizani ya shule.

Nikamwuliza, “Mwanangu, mbona haya hukuyaandika?”

Akasema aliona kwamba hayo ni mambo ya daftari. Hayakuwa na lugha ya gazeti.

Nimelifikiria jibu hilo tangu siku ile. Tumemfundisha mtoto kwamba lugha ya gazeti ni ile ya uvumi wenye adabu, na kwamba takwimu, tarehe na stakabadhi ni mifupa ya kutupwa nyama ikishaliwa. Ilhali mbele ya hakimu mifupa ndiyo chakula. Angeandika kwamba tarehe fulani gunia fulani lilikuwa na kilo kadhaa kwenye mizani ya shule na kilo kadhaa kwenye stakabadhi, angekuwa amesema jambo ambalo angeweza kulithibitisha hadi gunia la mwisho, na sheria hiyo hiyo ya Sura ya 36 inakubali ukweli kuwa utetezi kamili. Hofu ya kesi ilimfanya aache alichokijua na kuandika asichokijua, yaani nia ya wenye kiwanda na siri ya ‘wakubwa’. Alikimbia mvua akaingia ziwani.

Naona huu ndio ugonjwa wa uandishi wetu wa habari za biashara kwa jumla, na si wa gazeti la ukutani peke yake. Na kwa kuwa nilikuwa nimeketi juu ya ardhi ya dhahabu, sikuweza kujizuia kuikumbuka dhahabu nyingine.

Kampuni ya Goldenberg International ilisajiliwa mwaka 1990. Serikali ya wakati huo iliiruhusu kuuza nje dhahabu na almasi, na ikakubali kuilipa fidia ya asilimia 35 ya thamani ya mauzo hayo: asilimia 20 iliyokuwa katika sheria ya kuwatia moyo wauzaji wa nje, na 15 nyingine juu yake. Kenya haichimbi almasi. Dhahabu tunayo, lakini mgodi mkubwa wa Macalder, usio mbali na Masara, ulikuwa umefungwa tangu miaka ya 60, na waliobaki wakichimba walikuwa watu wa karai na sururu wanaopima mapato yao kwa pointi, ambayo ni sehemu moja ya kumi ya gramu. Mzee yeyote wa Masara aliyekuwa akikesha shimoni mwaka 1991 angeweza kukuambia kwamba dhahabu ya kujaza fomu zile haikutoka kwao. Hakuna aliyemwuliza, na lau angeulizwa, sijui ni mhariri gani angethubutu kulichapisha jibu lake.

Mambo yalifunuka kwa njia gani? Kijana mmoja karani wa Benki Kuu ya Kenya, David Munyakei, aliona katika makaratasi yaliyopita mezani kwake malipo ambayo hayakumwingia akilini. Hakwenda sokoni kunong’ona. Nyaraka zenyewe ziliwafikia wabunge wa upinzani, miongoni mwao Peter Anyang’ Nyong’o na Paul Muite, na mwaka 1993 jambo hilo likasemwa Bungeni. Hapo sheria ya kashfa ilinyamaza, kwa sababu mbunge hashtakiwi kwa ayasemayo ndani ya ukumbi ule, na gazeti linaloripoti kwa haki na usahihi yaliyosemwa humo lina kinga yake. Magazeti yaliyokuwa yamejikunja yakapata pa kukanyaga.

Angalia alicholipa karani yule. Alikamatwa, akashtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali, na ingawa mashtaka hayakusimama, kazi yake hakurudishiwa. Mwaka 2004 shirika la Transparency International lilimpa tuzo ya uadilifu. Alifariki mwaka 2006 akiwa maskini, mwaka ule ule ambao ripoti ya tume ya Jaji Samuel Bosire, iliyoundwa mwaka 2003 kuichunguza Goldenberg, ilitolewa hadharani.

Naomba mwalimu anayesoma aitazame tena namna nilivyoiandika habari hiyo. Sikusema nani aliiba. Na lazima niongeze yafuatayo, maana mwandishi anayetaja matokeo ya tume huku akificha yaliyotokea baadaye amekwisha kuipoteza kinga yake: mnamo Julai 2006 Mahakama Kuu ilifuta sehemu za ripoti ile zilizomhusu aliyekuwa Waziri wa Fedha, Profesa George Saitoti, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ilizuia mashtaka ya jinai dhidi ya mkurugenzi wa Goldenberg, Kamlesh Pattni, yasiendelee. Jaji aliyetoa uamuzi huo wa 2013 aliondolewa kazini baadaye, baada ya jopo la uchunguzi kumkuta na utovu wa maadili uliohusiana na kesi hiyo hiyo. Kila kauli katika aya hizi ina mlango wa ofisi ambamo karatasi yake imehifadhiwa. Bado msomaji amefahamu, tena pengine amefahamu vizuri zaidi kuliko kama ningemwita mtu ‘fisadi’.

Neno hilo ‘fisadi’ lingestahili makala yake lenyewe. Wazee wa pwani walilitumia kwa mtu mharibifu, hasa anayeharibu wake na mabinti za watu. Leo kila mwanafunzi anadhani maana yake ni mla fedha za umma. Na ‘kula’ je? Katika Kiswahili mtu hula kiapo, hula hasara, hula likizo, na hula pesa. Civil Procedure Act, yaani Sheria ya Taratibu za Kesi za Madai, inasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, hivyo gazeti la Kiswahili likishtakiwa huko maneno yake hutafsiriwa kwanza. Mwandishi aliyeandika kwamba kampuni ‘imekula jasho la wakulima’ huenda alidhani anapiga chuku. Akiisikia sentensi yake imerudi kutoka kwa mtafsiri, atashangaa kukuta amemtuhumu mtu wizi kwa maneno makavu. Hata neno ‘kashfa’ lenyewe, ambalo asili yake ya Kiarabu ni kufunua, twalitumia kwa uozo uliofunuliwa na pia kwa kosa la kuufunua isivyo halali. Tunasema kashfa ya Goldenberg, na tunasema kesi ya kashfa dhidi ya gazeti. Mwanafunzi wa semantiki akitaka mfano wa neno linalopigana na nafsi yake, ni huo.

Hofu ya wahariri si ya kubuni. Mnamo Desemba 2000 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilimpa Nicholas Biwott, aliyekuwa waziri, fidia ya shilingi milioni 30 kwa sababu ya kitabu kilichochapishwa ng’ambo, na wauza vitabu nao hawakusalimika. Mwaka 2002 gazeti la The People liliamriwa kumlipa waziri huyo huyo shilingi milioni 20. Kwa gazeti dogo, fedha hizo si adhabu, ni mazishi. Hadi Februari 2017 hata jela ilikuwapo: ndipo Mahakama Kuu ilipotangaza kwamba kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoifanya kashfa kuwa jinai, kinapingana na Katiba.

Wala si Kenya peke yake. Gazeti la Financial Times la London lilianza mwaka 2015 kuhoji hesabu za Wirecard, kampuni kubwa ya malipo ya Ujerumani. Kampuni ilijibu kwa mawakili. Mwaka 2019 shirika la serikali la kusimamia masoko ya fedha nchini humo liliwasilisha malalamiko ya jinai, si dhidi ya kampuni, bali dhidi ya waandishi. Mnamo Juni 2020 Wirecard ilikiri kwamba Euro bilioni 1.9 zilizoandikwa vitabuni mwake huenda hazikuwapo kabisa, na ikafilisika mwezi huo huo. Uchunguzi dhidi ya waandishi ulifungwa. Kilichowaokoa kwa miaka mitano haikuwa ujasiri peke yake. Walikuwa na nyaraka, walikuwa wamepeleka maswali kabla ya kuchapisha, na waliandika nyaraka zinaonyesha nini pasipo kudai kuijua mioyo ya watu. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka kicheko kisicho na furaha: fedha zisizokuwapo za Ujerumani na dhahabu isiyokuwapo ya Kenya zingeweza kuwa ndugu wa tumbo moja.

Hapana budi nitoe haki upande wa pili, maana wanafunzi wangu hunituhumu kuwa napenda waandishi kupita kiasi. Kampuni nayo ina jina, na jina lake ni mtaji. Benki ndiyo mfano ulio wazi: inaishi kwa imani ya wenye akiba, na imani hiyo ikitoboka hata kwa neno la uongo, foleni ya asubuhi inatosha kuiua. Aprili 2016 Chase Bank ya Nairobi iliwekwa chini ya usimamizi baada ya wateja kukimbilia fedha zao huku uvumi ukipita simu kwa simu. Katika kisa hicho hesabu zenyewe zilikuwa na walakini, kwa kuwa benki ilikuwa imetoa takwimu mbili zisizolingana juu ya mikopo ya watu wake wa ndani. Lakini fikiria kama zisingekuwa na walakini. Wafanyakazi, wenye maduka, mama aliyeweka karo ya mtoto, wote wangeangushwa na neno ‘inasemekana’. Kwa sababu hiyo simo katika kundi la wanaotaka sheria ya kashfa ifutwe. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 33, inatoa uhuru wa kujieleza na papo hapo inamtaka kila mtu aheshimu haki na sifa za wengine, nami naona waliouandika mstari huo walikuwa macho.

Ninachokililia ni kwamba sheria yetu ya 1970 haijaandika waziwazi utetezi wa manufaa ya umma. Waingereza waliotupa sheria hii wamekwisha kuirekebisha yao. Mwaka 1999, katika kesi ya Albert Reynolds, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Ireland, dhidi ya gazeti la Times, majaji wao wakuu walikubali kwamba mwandishi aliyefanya kazi yake kwa uangalifu juu ya jambo linalouhusu umma anaweza kukingwa hata kama baadaye ataonekana amekosea. Mwaka 2013 Bunge lao liliuweka utetezi huo katika sheria, na likaongeza kwamba kampuni ya biashara haiwezi kushinda kesi ya kashfa isipoonyesha imepata au itapata hasara kubwa ya fedha. Kwetu, barua ya wakili iliyoandikwa kwa adhuhuri moja inatosha kukifunga chama cha wanafunzi bila mtu yeyote kuonyesha hasara ya hata shilingi tano.

Wakati tukiwangojea wabunge, walimu tunaweza kufanya jambo moja darasani. Mahakama za Uingereza huipima shutuma kwa ngazi tatu: kwamba mtu ametenda kosa, kwamba kuna sababu za kumshuku, kwamba kuna sababu za kuchunguza. Kiswahili kina nyenzo za kuzitenganisha ngazi hizo barabara, kuliko mtu anavyodhani. ‘Kiwanda kinapunja’ ni ya kwanza. ‘Takwimu hizi zinatia shaka’ ni ya pili. ‘Stakabadhi 9 kati ya 11 hazikulingana na mizani ya shule, na kiwanda kimeulizwa sababu’ ni ya tatu. Mwanafunzi anayejua tofauti ya sentensi hizo tatu anajua sarufi kweli, na mtihani wa insha ungefaa kumpima kwa hilo kuliko kwa methali alizozikariri. ‘Inadaiwa’ huziunganisha ngazi zote tatu katika uji mmoja, na hakimu akiunywa atachagua ladha iliyo chungu zaidi.

Jioni ile Masara, mimi, mwalimu na msichana tuliketi katika chumba cha walimu tukaiandika upya habari yake. Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyotazamia. Kila mara aliporudi kwenye ‘wanaibiwa’, mwalimu alimwuliza, “Uliona nini?” Ikabaki na aya nne: tarehe, magunia, takwimu mbili mbili, na maelezo ya jinsi mizani ilivyotumika. Shangazi yake aliombwa ruhusa, akaitoa kwa sharti jina lake lisitajwe. Kisha tukatunga barua fupi kwa kiwanda yenye maswali matatu, tukaacha chini ya habari nafasi ya mistari minane yenye kichwa ‘Jibu la Kiwanda’. Mwalimu mkuu aliusoma ukurasa wote akiwa amesimama. Alisema hautabandikwa mpaka siku 7 zipite, akaufungia katika mtoto wa meza yake. Mawakili walimpa siku 7; naye akaona awape wenye kiwanda muda ule ule.

Siku ya sita mwalimu alinipigia simu. Mjumbe wa kiwanda alikuwa amefika shuleni, safari hii bila barua ya wakili. Aliyasoma maswali, akakaa kimya kidogo, kisha naye akauliza swali lake: mizani ya shule ilikaguliwa lini?

Swali hilo lilikuwa halali. Mizani inayotumika katika biashara hukaguliwa na kupigwa muhuri kwa mujibu wa sheria ya vipimo, lakini ya maabara ya shule haikuwahi kukaguliwa tangu iliponunuliwa. Mwalimu alipomwambia hivyo msichana, alitazamia atavunjika moyo. Badala yake aliomba ruhusa ya kwenda mjini Migori siku ya Jumatano, kwenye ofisi ya mkaguzi wa vipimo na mizani, akauliza mambo mawili: jinsi ya kuikaguza mizani ya shule, na tarehe iliyopo kwenye muhuri wa ile ya kiwanda.